Siku Tatu za Kutembea Jabali

Mpaka nilipofika miaka thelathini na moja sikuwa nimepata kulala chumbani peke yangu hata usiku mmoja. Nyumba yetu ya Ibra, huku Omani, ilikuwa na watu kumi na saba: mama yangu, kaka zangu wawili na wake zao, watoto wao wasiokwisha, na mimi, mwalimu wa hesabu niliyekosa mke na kwa hiyo kukosa chumba. Nilikuwa nikilala majlisi, chumba cha kupokelea wageni, na majlisi ni ya kila mtu. Nikikaa chooni dakika tano, mtu anagonga kuniuliza kama ni mzima. Simchukii mtu. Nilikuwa nimechoka kusikilizwa nikipumua.

Basi mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikakata shauri: likizo ya baridi nitapanda Jebel Akhdar, juu ya Nizwa, siku tatu, kwa miguu, mkoba mgongoni, peke yangu. Mwalimu mmoja Mwingereza aliyekuwa akirejea kwao aliniachia hema, mfuko wa kulalia, jiko la gesi dogo la kuingia kiganjani, na kitabu cha maelekezo. Wala sikuwa na azma ya kushinda mlima wowote. Nilitaka kukaa mahali ambapo nikipiga chafya hapana mtu wa kuniombea dua.

Tatizo lilikuwa ruhusa. Kwetu mtu hendi pahala peke yake. Ukisema unakwenda Sinaw kutazama mbuzi, kabla hujavaa viatu gari imeshajaa. Nilijua nikilisema jambo hili vibaya, mama atanifungia binamu wawili na sufuria ya wali. Kwa hiyo nikachagua wakati, baada ya sala ya alasiri, anachagua mchele, nikamwambia kwa upole kwamba nakwenda kutembea upande wa Nizwa, juu jabali, siku tatu, na ningependa niende peke yangu.

Nikangoja matata. Mama akaacha mchele, akanitazama, akatabasamu. Akasema ni kweli, jambo kama hili mtu huenda peke yake kwanza. Akanipa na wasia: nichukue soksi safi, siku ya mwanzo nisile sana, na nitazame vizuri kabla sijaingiza mguu. Nilistaajabu. Mama yangu, aliyekulia mjini Unguja na asiyepata kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za kwao, kumbe anaijua milima kuliko kile kitabu cha Mwingereza!

Nikaanza mazoezi. Kitabu kilisema nitembee kila siku na mkoba uliojaa, basi nikaujaza chupa za maji, nikashika barabara ya Sur. Sijenda mbali, gari ya kwanza ikasimama. Dereva akauliza gari yangu imekufa wapi. Nikamwambia haijafa, nakwenda kwa miguu tu. Akanitazama kwa huruma, akasema hata yeye alipata kugombana na nduguze. Gari ya pili ilikuwa pikapu ya bedui aliyetoka sokoni na mbuzi wawili nyuma. Huyu hakuuliza kitu. Alishuka, akanivua mkoba, akautia kati ya mbuzi, ikawa sina budi kuufuata. Nilifanya mazoezi siku nne, na siku zote nne nikarudishwa nyumbani kwa gari.

Siku ya tano akapiga simu mama mdogo, nduguye mama anayekaa Maskati. Sijamaliza kumwamkia, akaniuliza msichana ana urefu gani, na ni wa watu gani wa Nizwa. Hapo ndipo nilipofahamu. Kwa Kiswahili cha mama yangu, kutembea si kwenda kwa miguu. Kutembea ni kwenda kwa watu, kupiga hodi, kukaa, kukirimiwa. Na mwanamume asiye na mke, akenda kutembea mji wa watu siku tatu, peke yake, na haya zimemjaa usoni, haendi kutazama mawe.

Sasa ungetaraji mtu mzima, tena mwalimu, aende moja kwa moja kwa mamake akaseme kweli. Nilinyamaza. Wallahi nilinyamaza, kwa sababu uongo ule sikuusema mimi, na ndio ulionipa siku zangu tatu. Nikamjibu mama mdogo kwamba bado ni mapema kusema.

Nyumba nzima ikaingia furaha. Mkoba wangu, niliokuwa nimeupunguza uzito mpaka nikaukata mswaki mpini, ukaanza kunenepa. Nilikuta ndani bakuli mbili za halua, udi, doti ya khanga, na kanzu yangu ya Idi imepigwa pasi. Nikivitoa, vinarudi. Hema alilitoa mama mwenyewe, akaniuliza kwa nini nawapelekea watu turubali.

Siku moja kabla ya safari akaniita chumbani kwake, akafunga mlango. Akafungua kasha, akatoa bangili ya dhahabu aliyovishwa na mamake siku ya harusi yake, akaniwekea kiganjani. Niliona haya, haya ya kweli. Nikamwambia yote: hakuna msichana, hakuna nyumba, hakuna hodi. Ni mlima tu na baridi yake.

Nikajua siku zangu tatu zimekwenda na maji.

"Hapana mtu huko?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Hata mmoja? Siku zote tatu?"

"Hata mmoja."

Akairudisha bangili kashani, akafunga. Kisha akasema halua nisiitoe, inatia joto. Kaka zangu hakuwaambia kitu.

Nikenda. Baridi ilinigandishia maji chupani, na usiku wa kwanza niliogopa mpaka nikawa nasoma Kurani kwa sauti. Siku ya tatu sikutaka kushuka. Niliporudi, mama alingoja mpaka jikoni tumebaki wawili, akaniuliza kukoje. Nikamwambia kweli, kwamba sijapata kuona raha kama ile. Akasema yeye ametoka chumba cha nduguze akaingia cha mumewe, mumewe akafa akajaziwa wajukuu, na toka azaliwe hajakaa peke yake hata mchana mmoja.

"Baridi ijayo wachukue hawa wote uwapandishe jabali," akasema. "Mimi uniache."

Baridi iliyofuata nikawapandisha wote kumi na watano, na masufuria, kwa siku tatu. Tuliporudi tulimkuta kaketi uani, kichwa wazi, miguu kainyoosha juani, na jikoni hakukupikwa kitu. Tuliingia na makelele yetu. Aligeuka, akatutazama mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

"Mara hii mmesharudi?" akasema.