Mwalimu Adelfina na Shimo Jeusi

Watoto wa shule ya Murusagamba, karibu na mpaka wa Burundi, walimwogopa Mwalimu Adelfina kwa jambo moja tu: alama ya hasi. Ukiisahau katika hesabu, unaiandika mara hamsini. Vinginevyo alikuwa mpole, hajui hata kufukuza kuku wa jirani.

Mwaka 1996 alifika shuleni mkimbizi wa makamo, Ndikuriyo, aliyekuwa akifundisha fizikia chuoni Bujumbura. Mkono wake wa kulia ulivunjika akivuka mpaka, ukaunga vibaya. Alitafuta mtu wa kumwandikia.

“Shikamoo, mzee. Kuandika nini?” Adelfina aliuliza.

“Marahaba. Mashimo meusi, Mwalimu. Nyota kubwa ikifa hujiporomokea, ikavuta hata mwanga usitoke. Einstein alitupa kanuni ya mvutano huo. Mimi ninayo nyingine, na kwa kanuni yangu shimo linakuwa tofauti na lake.”

Adelfina hakuelewa hata nusu, ila macho ya mtu yule yalimgusa. Basi kila jioni baada ya vipindi Ndikuriyo alitamka, naye akaandika nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Mzee akiondoka, Adelfina alimfungia ndizi na maharage ya kupeleka kambini.

Walipofika ukurasa wa sitini na moja, Adelfina aliweka kalamu chini.

“Samahani, mzee. Hapa juu kulikuwa na hasi. Hapa chini haipo. Imekwenda wapi?”

Ndikuriyo alicheka. Kisha akainamia karatasi, kicheko kikakauka.

Siku tatu alirudia hesabu kwa mkono wa kushoto. Hasi iliporudi mahali pake, tofauti yote ilifutika: shimo lake likawa lilelile la Einstein.

“Miaka tisa, Mwalimu,” alisema polepole.

Adelfina alitamani angalinyamaza. “Unisamehe.”

“Nikusamehe nini? Kumbe kanuni mbili zinaweza kuzaa shimo moja! Hilo nalo watu walijue. Shika kalamu.”

Waliituma kazi hiyo kwa jarida la fizikia, kupitia posta ya Ngara. Baada ya miezi minane jibu lilikuja: kazi ni sahihi, itachapishwa. Ndikuriyo alikuwa ameweka majina mawili.

“Langu lifutwe, mzee. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano.”

“Ndiyo maana uliiona,” akajibu, na hakulifuta.

Jarida lilipofika, Adelfina alilifunga kwa kitambaa, akalihifadhi pamoja na vyeti vya ubatizo vya wanawe.