Siku Tuliyomwita Mama Nuriti Barazani

Harufu ya mkate unaokaushwa jikoni mpaka leo hunishtua. Juzi nilikuwa kwa binti yangu Arusha, akasahau vipande viwili juu ya jiko, na kabla havijaungua nikajiona nina miaka tisa, nimeshika kibuyu cha maziwa, nimesimama kwenye mlango wa nyuma wa nyumba ya mabati kule Basotu, nikiogopa kubisha hodi. Binti yangu aliniuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia ni moshi tu. Ninyi nitawaeleza ukweli.

Sisi ni watu wa Endagikot, kule juu Mbulu, ambako mashamba ni madogo na kila mtu anaujua mpaka wake. Baba alipopata kazi ya udereva wa trekta kwenye shamba la ngano la serikali, tulishuka naye: mama, mimi, na mdogo wangu Magdalena ambaye alikuwa bado anajifunza kufunga vifungo vya gauni lake. Tulikuta uwanda mkubwa kiasi kwamba siku za mwanzo nilipata kizunguzungu. Ngano ilianza nyuma ya nyumba zetu na sikuona inapoishia. Pembeni waliishi wafugaji, majirani zetu wapya, ambao ng'ombe wao walikuwa wakilisha hapo kabla trekta hazijaja. Walitutazama kwa mbali bila kusema kitu. Mama alituonya tusiwakodolee macho. Nao, bila shaka, waliwaonya watoto wao vivyo hivyo.

Kila asubuhi nilipeleka maziwa kwenye nyumba za wageni. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya fundi mkuu wa karakana, mzungu aliyetoka nchi ya Israeli, na mkewe. Mke huyo tulimwita Mama Nuriti, kwa jina la binti yake aliyebaki kwao. Picha ya binti ilikuwa ukutani, na hiyo picha ndiyo iliyoanza kunitia mashaka. Msichana alikuwa amevaa nguo za jeshi, anacheka, na bunduki begani. Sikuwahi kuona mtu anayeweka ukutani picha ya binti mwenye bunduki. Sisi ukutani tulikuwa na Moyo Mtakatifu wa Yesu na kalenda.

Jambo la pili lilikuwa mkate. Mama Nuriti hakutupa mkate hata siku moja. Masalio yote aliyakausha jikoni, akayatia kwenye mfuko wa kitambaa, na mfuko akauning'iniza nyuma ya mlango. Niliwahi kuhesabu mifuko minne. Watu wawili, mifuko minne ya mkate mkavu, na duka la shamba lilikuwa hatua mia moja tu kutoka pale! Nilijiuliza anamwekea nani.

Jambo la tatu nililiona siku aliponyoosha mkono kuchukua chupa kwenye rafu. Siku zote alivaa mikono mirefu hata jua likiwaka, lakini siku hiyo mkono wa blauzi ulipanda, nami nikaona namba. Ilikuwa ya rangi ya bluu, imeandikwa kwenye ngozi yenyewe, herufi moja na tarakimu zikifuatana. Akaona kwamba nimeona. Akashusha mkono wa blauzi na kunipa kipande cha mkate.

"Kula," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha neno moja moja.

Sikula. Nilimweleza mama, na mama akamweleza jirani, na kufikia jioni kila nyumba ilikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema huyo ni mfungwa aliyetoroka. Mwingine alisema ng'ombe huwekwa alama na mwenye ng'ombe, kwa hiyo huyu mama ana mwenyewe mahali, na siku moja atakuja kumdai. Na mmoja akasema kwa sauti ya chini lile neno ambalo watoto wote tulikuwa tukiliogopa: mumiani. Watu wanaokamata watu na kuwanyonya damu. Namba, alisema, ni ya kazi.

Ikafika mwezi wa nne, ngano imechipua, udongo bado una unyevu. Asubuhi moja nilipofika na kibuyu, niliona mshumaa umewashwa ndani ya bilauri dirishani, mchana kweupe. Mama Nuriti alikuwa uani anaanika nguo. Akatazama saa yake ya mkononi, na ghafla akasimama wima, shati la mumewe mkononi, maji yakimchuruzikia miguuni. Hakusogea. Hakupepesa macho. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," hakuitika. Upande wa karakana, ambako nyundo hazikuwahi kunyamaza, nikasikia kimya. Halafu akashusha pumzi, akalianika shati, akanitolea kipande cha mkate jikoni na kuniambia, "Marahaba, Paulina. Maziwa mazuri leo?"

Nilikimbia. Mkononi nilikuwa na mkate aliokuwa amenipa, na sijui kwa nini sikuutupa. Nilipofika nyumbani Magdalena aliuona, akauomba, nikampa. Aliutafuna wote, kwa furaha.

Sasa nawaambia kitu ambacho wakati ule sikumwambia mtu. Asubuhi hiyo hiyo, kabla sijaenda na maziwa, mimi na Magdalena tulikuwa tumepanda mpera uliokuwa nyuma ya ghala, tukala mapera mabichi, magumu kama mawe. Mimi nilikula mawili. Yeye alikula mpaka nikamkataza.

Saa sita mchana Magdalena alianza kujikunja. Alitapika, akapata homa, na katika kulia na kujikamua pua ikamtoka damu. Damu ile ilimtosha kila mtu. Jirani aliuliza amekula nini. Nikasema, "Mkate wa Mama Nuriti." Ulikuwa ukweli, na ndiyo maana ulinitoka kwa urahisi.

Wanawake walijaa mlangoni kwetu. Walikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, Balozi Petro, ambaye pia alitufundisha katekisimu, wakamwambia asipomwita yule mama kujieleza, vijana watakwenda wenyewe kumtoa. Wengine walikwisha kuokota mawe. Niliyaona, wameyashika kwenye pindo za kanga zao kama watu waliobeba vitunguu.

Baraza lilikaa kesho yake asubuhi mbele ya ghala. Magdalena alikwisha kupona na alikuwa anacheza na kifuniko cha pipa, lakini hakuna aliyelitaja hilo. Mama Nuriti alikuja na mumewe, na mumewe alipotaka kusema yeye alimshika mkono akamnyamazisha. Nyuma ya watu walisimama wafugaji kadhaa waliosikia habari. Mmoja wao alikuwa Bibi Udamareng, mjane mzee mwenye vazi la ngozi na bangili za shaba, ambaye tulimjua kwa sababu moja. Mwaka uliotangulia plau za shamba zilipita juu ya kaburi la baba mkwe wake. Kwao mzee wa heshima hujengewa kilima cha udongo, na watu hukitembelea vizazi na vizazi. Bibi alikuwa amekuja ofisini mara nyingi kulalamika. Mara zote aliambiwa arudi wiki ijayo.

Balozi Petro alikohoa. "Mama, watu wanauliza. Hiyo namba. Na huo mshumaa. Na kusimama."

Mama Nuriti alikunja mkono wa blauzi mpaka kwenye kiwiko, akauinua ili hata walio nyuma waone.

"Mimi Myahudi," akasema.

"Wale wa kwenye Biblia?" Balozi Petro alishangaa kweli kweli. Sisi tulidhani Wayahudi waliishia kwenye kurasa za mwisho.

"Wale wale."

Mtu akacheka, akanyamazishwa. Ndipo Mama Nuriti akaeleza, mumewe akimsaidia neno hapa na pale. Alisema huko Ulaya, wakati wa vita kubwa, serikali ya nchi moja iliamua kwamba Wayahudi wote wafe, wazee na watoto. Majirani zao walikuwa wamekwisha kusikia mengi juu yao: kwamba wananyonya damu ya watoto, kwamba wanatia sumu kwenye visima. Hapo baadhi ya wanawake walitazama chini. Yeye alikuwa na miaka kumi na mitano. Waliwapakia kwenye treni kama mifugo, wakawashusha kwenye kambi, wakamwandika namba ile mkononi. Mama yake, baba yake na wadogo zake watatu walipelekwa upande wa pili siku hiyo hiyo, wakauawa.

"Mkate," akasema, "pale kambini, mkate hakuna. Najua hapa upo. Mkono wangu haujui."

Balozi akauliza juu ya kusimama. Uso wa Mama Nuriti ukabadilika kidogo, ukawa kama wa mtu anayezungumzia nyumbani.

"Kwetu, siku moja kila mwaka, honi inalia nchi nzima. Basi linasimama barabarani, watu wanashuka, wanasimama. Mwalimu anasimama. Sokoni, anayepima nyanya anasimama, nyanya mkononi. Wote tunawakumbuka waliokufa. Mshumaa ni wao. Kisha honi inanyamaza, basi linaondoka." Akafikiri. "Na mwenye nyanya anakuambia bei, na wewe unasema ghali."

Safari hii watu walicheka kwa pamoja, hata yeye. Lakini si wote waliomwamini. Nilimsikia mwanamke mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Mnaona anavyojua kusema." Na mimi, nilikuwa nimesimama karibu na mama, ulimi ukiwa mzito na neno moja, mapera, na sikulisema.

Bibi Udamareng alisogea mbele, watu wakimpisha. Alizungumza kwa lugha yake, na kijana mmoja akatafsiri.

"Anauliza, watu wako wamezikwa wapi?"

Mama Nuriti alimgeukia. "Hawakuzikwa. Walichomwa. Hakuna kaburi."

Bibi alipotafsiriwa, alitoa sauti fupi kooni. Akaushika ule mkono wenye namba, akautazama kwa makini, akapaka mate kidole gumba na kuisugua ile namba, kama anayejaribu kama itafutika. Haikufutika. Akauachia mkono, akageuka, akawatazama madereva wa trekta, mmoja mmoja. Baba yangu alikuwa wa tatu. Nilimwona baba akivua kofia.

Baraza likaishia hapo. Hakuna aliyeomba radhi. Mawe yalidondoshwa moja moja wakati watu wanaondoka, kimya kimya, kama vitu vilivyookotwa kwa bahati mbaya.

Mvua zilipokwisha, shamba lilifungua eneo jipya upande wa Gendabi, na ndani ya eneo lile kulikuwa na kilima kingine cha udongo. Baba alikifikia na plau, akaizungusha, akakiacha kama kisiwa. Msimamizi alikuja na gari, akamwamuru arudi anyooshe mstari. Baba akazima trekta, akashuka. Juma lililofuata alikuwa mlinzi wa ghala la magunia, na hakurudishwa tena kwenye usukani. Kilima nacho kililimwa na dereva mwingine. Nawaambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilimuuliza baba mara moja kwa nini alikataa. Akasema plau ilikuwa na tatizo. Mama alisema aliogopa laana ya wale wazee. Mpaka leo sijui, na baba amekwisha kuondoka nalo jibu.

Mama Nuriti na mumewe waliondoka baada ya muda, siasa zilipobadilika na nchi yetu ikavunja uhusiano na Israeli. Nilimpelekea maziwa mpaka siku ya mwisho. Nilianza kula mkate wake hapo hapo mlangoni, mbele yake, nikidhani kwa kufanya hivyo nalipa kosa. Nadhani alijua. Alikuwa akinitazama ninavyotafuna, na hakuwahi kuniuliza habari za Magdalena.

Miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nikiwa mama wa watoto wanne, nilirudi Endagikot kumuuguza mama. Tulikuwa tunachambua maharage uani. Nikamwambia habari ya mapera, kwa aibu ya mtoto wa miaka tisa.

Mama hakuacha kuchambua. "Nilijua," akasema. "Si mimi niliyemfulia gauni? Matapishi yote yalikuwa mbegu za mapera."

"Ulijua lini?"

"Mchana ule ule."

"Kabla ya baraza?"

"Kabla."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

Alitupa jiwe dogo alilolipata kwenye maharage. "Wenzangu walikuwa wamekwisha kufika mlangoni," akasema. "Ningewaambia nini?"

Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba tulimshuku Mama Nuriti kwa sababu hatukujua, kwamba tulikuwa watu wa mbali, watoto wa milimani, tusiosikia habari za dunia. Kumbe nyumbani kwetu tulikuwa wawili tunaojua, mkubwa na mdogo, kila mmoja amefumba mdomo akidhani yuko peke yake. Nikawafikiria majirani wa msichana yule wa miaka kumi na mitano, siku ile treni inapakiwa. Mtaa mzima hauwezi kuwa haukujua. Lazima palikuwepo mama aliyefua nguo na kuona, akatazama mlangoni, akaona wenzake wamekwisha kufika.

Tukaendelea kuchambua maharage mpaka yakaisha.