Sahani Iliyopandisha Waya

Mama yangu ni bahili wa sifa. Maisha yake yote amefundisha Kurani hapa Old Kampala, na mwanafunzi aliyesoma vizuri alipata kwake neno moja tu: "Nimesikia." Aliyekosea aliambiwa, "Rudia." Wanawake wengi wanaonunua vitambaa dukani kwangu walipita mbele ya mkeka wake, na mpaka leo wakiniuliza hali yake huniuliza huku wamenyoosha mgongo.

Kisha magoti yakamgomea. Akahamia kwangu, ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti, na tangu siku ile hajashuka ila kwa hospitali. Wanafunzi walipanda ngazi kwa muda, wakapungua, wakaisha. Akabaki mmoja, binti wa dada yangu, ambaye anaishi na wazazi wake nchi ya baridi huko mbali. Kila siku baada ya alasiri mtoto alimsomea bibi yake kwa simu. Alianza na sura fupi kama tulivyoanza sote, akapanda, akapanda, hata akabakiwa na mwisho wa sura ya Baqara tu amalize Kurani nzima.

Tatizo lilikuwa mtandao. Fleti yetu imekipa kilima mgongo, na mtandao wa simu ulitufikia kwa hiari yake, tena jikoni tu, karibu na dirisha. Ungemwona mama ameketi kati ya masufuria, msahafu mapajani, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Sauti ya mtoto ilikuja vipande vipande. Aya ilianza, ikazama, ikaibukia mwishoni.

"Sikusikia," mama alisema. "Rudia."

Mtoto akarudia. Ikakatika tena palepale. Siku moja akaangua kilio. "Bibi, nimesoma vizuri! Kila siku nasoma vizuri, na wewe kila siku unasema hujasikia!"

Jioni ile dada yangu akanipigia. Alisema wamepata mwalimu hukohuko, mtoto ataanza naye Jumamosi, na je, ningeweza kumwambia mama polepole? Nikamjibu amwambie mwenyewe, nikakata simu. Mara hiyo haikukatwa na mtandao.

Lakini mama alikuwa amesikia kila kitu, maana fleti yetu haina siri. Alifunga msahafu, akaufuta jalada kwa upande wa kanga yake. "Wana haki," alisema. "Siwezi kumwambia mtoto nimesikia na mimi nakisia. Huko ni kumwibia." Akauweka juu ya kabati kwa namna ya mtu anayefunga duka kwa mara ya mwisho.

Iliniuma. Na mimi nikiumwa hukasirika, na nikikasirika ndipo ninapofanya kazi vizuri. Nilitafuta kampuni ya faiba, nikawasumbua kwa simu hadi wakachoka na sauti yangu, na Ijumaa asubuhi fundi wao akafika kwa boda kutoka Kabalagala, bunda la waya begani na ngazi ndefu ikifuata nyuma kwenye pikapu.

Akazunguka jengo akiangalia juu, kisha akarudi kwangu. Ukuta wa mbele umepakwa rangi juzi na mwenye nyumba hataki hata msumari, kwa hiyo waya lazima upite nyuma. Ngazi yake inaishia ghorofa ya pili. Kutoka pale inabidi mtu asimame kwenye roshani ya ghorofa hiyo, aufunge waya kwenye kamba, nami niuvute juu.

"Nyabo, huyu wa ghorofa ya pili akikubali, leo leo nawasha," alisema. "Akikataa, njia hakuna."

Nikaguna, kwa sababu wa ghorofa ya pili ni Afande.

Ni mwanajeshi mstaafu, mtu wa kaskazini, na shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo yake inaweza kukata mkate. Jengo zima humwita Afande, hata watoto. Zamani tulipatana naye sana. Kila Idi mama alimpelekea pilau kwenye sahani yake ya kauri yenye maua ya buluu, mojawapo ya sahani za harusi yake, na sahani ikarudi na simsim ya kusaga au asali kutoka kwao. Idi iliyopita pilau ilishuka kama kawaida. Sahani haikupanda. Miezi ikapita. Nikikutana na Afande kwenye ngazi, ghafla anaanza kukagua simu yake kana kwamba kuna vita ndani yake. Mama aliacha kumtumia salamu.

"Amekula pilau, akateremshia na sahani," alikuwa akisema.

Nikabisha hodi. Mlango ukafunguka upana wa pua.

"Habari ya mama?" aliuliza.

"Mzima, Afande. Tunaomba fundi apitishe waya kwenye roshani yako. Dakika chache tu."

"Waya hapana."

"Hauingii ndani, Afande. Ni pale nje."

"Kwa kufika balkoni, lazima mtu kupita kwa sebule. Sebule imefungwa."

Mlango ukajifunga. Nilikuwa sijawahi kusikia sebule iliyofungwa kama ofisi ya serikali. Nikapanda juu kumweleza mama, naye akacheka kicheko kisicho na furaha. "Ameificha sahani yangu humo," alisema.

Niliposhuka, fundi alikwisha kuanza kukunja waya wake. Alisema atarudi wiki ijayo, pengine. Wiki ijayo! Wiki ijayo mtoto angekuwa ameketi mbele ya mwalimu mwingine, na mama yangu angekuwa mwanamke mzee tu anayekaa ghorofa ya nne. Nilimwambia fundi akithubutu kupanda boda nitakaa mbele ya gurudumu. Akaona macho yangu, akaweka waya chini.

Hasira hasara, walisema wahenga. Wahenga hawakuwahi kutafuta mtandao. Niliupiga mlango wa Afande kwa viganja vyote viwili, na nikaanza kusema kabla haujafunguliwa, kwa sauti iliyopanda na kushuka ngazi zote.

"Afande! Mama yangu amebakiwa na mwanafunzi mmoja duniani, na leo anampoteza kwa sababu ya sebule yako! Kama ile sahani umeivunja, sema umeivunja! Kama umeiuza, sema umeiuza, tusome dua tuisahau! Lakini fungua mlango huu!"

Ukafunguka wote.

Na sahani ilikuwa pale, juu ya kabati la televisheni, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, imefunikwa nusu kwa leso nyeupe iliyokunjwa pembe kwa pembe. Afande alisimama kando yake, mikono imenyooka ubavuni, kama kuruta aliyekutwa na kosa.

"Mama watoto alienda Gulu kabla ya Idi," alisema, akiangalia ukuta. "Mama yake mgonjwa, mpaka leo hajarudi. Yeye ndiye anajua mambo ya sahani. Anaweka simsim, anaweka asali. Mimi najua kupika chai tu. Sasa nitarudisha sahani ya mama yako tupu? Namna gani?"

Akainyoosha pembe ya leso, ingawa ilikuwa imenyooka tayari.

"Nikanunua biskuti," akaendelea. "Nikaweka hapo. Nikaangalia ile biskuti kwa sahani ya mama, nikaona hii ni matusi. Nikakula mwenyewe. Kila siku nikikuona kwa ngazi, nasema leo nitaongea. Aibu inanikamata."

Kumbe! Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na kwao vilevile. Hata ndimu mbili zingetosha, hata konzi ya chumvi. Lakini Afande alikuwa ameipa heshima ile desturi mpaka ikamfungia mlango, na sisi huku juu tulikuwa tumemwita mwizi kwa sababu ya heshima hiyohiyo. Nikaketi kwenye mkono wa kochi lake bila kukaribishwa, nikacheka hadi machozi yakanitoka. Mwanzoni aliudhika. Kisha mdomo wake nao ukaanza kucheza.

"Afande," nikamwambia, "mama hahitaji asali. Anahitaji waya. Mpe huo."

Akafikiri. Nilimwona anafikiri, maana uso wake wote ulishiriki. Halafu akafungua mlango wa roshani, akainamia nje na kutoa sauti ambayo nadhani haikuwa imetumika tangu astaafu.

"Fundi! Panda! Mara moja!"

Baada ya hapo sikuwa na kazi ila kutii. Nilipanda juu mbio, nikafunga kufuli la duka kwenye kamba ya kuanikia nguo, nikaiteremsha. Afande aliipokea kamba, akasimamia ufungaji wa waya, akatoa amri. "Vuta! Simama! Pole pole! Vuta!" Fundi alikuwa anafanya kazi yake kama kawaida, lakini ungedhani tunavusha mzinga mtoni. Majirani wakatoka kwenye roshani zao kutazama. Waya ulipogusa mikono yangu nilipiga kigelegele, mimi mtu mzima mwenye duka, na mama akauliza kutoka ndani nani ameolewa.

Nilikuwa bado nimeushika ule waya mlango ulipobishwa. Afande alikuwa amebadilisha shati. Mikononi alibeba ile sahani, na juu yake kuna kitu kimefunikwa kwa leso nyeupe. Nyuma yake fundi alikuwa amejiuma mdomo asicheke.

"Mama Mwalimu," alisema. "Sahani imerudi. Na haikurudi tupu."

Mama akaifunua leso. Chini yake palikuwa na ruta ya fundi, mashine ya kusambaza mtandao, ndani ya boksi lake.

"Zawadi gani hii, Afande, na aliyeinunua ni binti yangu?"

"Mashine ni yenu," Afande alisema. "Njia ni yangu."

Mama alicheka akishika magoti yake, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ahamie kwangu. Akamkaribisha kiti. Afande akakataa. Alisema yeye atakaa chini, kwenye roshani yake, aangalie mtu asiguse waya.

Alasiri ilipoadhiniwa na kuswaliwa, taa za ruta zilikuwa za kijani. Mama hakukaa jikoni. Alikaa sebuleni, kwenye mkeka wake, mlango wa roshani wazi, mtandio safi kichwani. Uso wa mtoto ulipotokea, haukuganda wala kuvunjika. Mama akausogelea.

"Umeng'oka jino," alisema. "Lini?"

"Zamani, Bibi. Hukuona?"

Hakuona. Akamwambia asome.

Mtoto alisoma, na sauti yake ilijaza chumba kana kwamba amekaa mkekani. Mama alifuata kwa kidole. Aya ikapita, nyingine ikapita. Kisha kidole kikasimama.

"Rudia."

Mtoto akavuta pumzi ya kuchoka. "Bibi, ni mtan..."

"Mtandao leo hauna kosa," mama alisema. "Kosa ni lako. Umemeza herufi, na nimekuona ukiimeza. Rudia."

Nilishika shavu, nikaogopa kilio kingine. Lakini mtoto alicheka, na pengo lake likaonekana lote. Nyuma yake dada yangu naye akacheka. Kukosolewa kwa haki ni kutamu kuliko kusingiziwa, hata kwa mtoto. Akarudia, herufi ikatoka nzima, akaendelea mpaka aya ya mwisho kabisa. Akasubiri.

Mama hakuharakisha. Alifunga msahafu, akaubusu, akauinua kwenye paji la uso.

"Nimesikia," alisema.

Nililia, na sioni haya kusema. Dada yangu alilia pia, kisha akauliza kwa woga kama lile jambo la Jumamosi libaki vilevile.

"Jumamosi aanze upya kutoka mwanzo," mama akasema. "Kwangu." Fimbo ya mbali haiui nyoka, kama tunavyosema, lakini fimbo ya mama yangu sasa inafika kokote.

Kisha akaniamuru jikoni, nikaivike pilau ile sahani ya buluu. Nilipokuwa naipakua alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Alisimama mwenyewe, akajikokota mpaka roshani, akashika vyuma na kuita chini, kwa sauti yake ya chuoni.

"Afande! Sahani inakuja!"

Kutoka ghorofa ya pili, ambako alikuwa amekaa alasiri nzima akilinda waya chini ya kile kisomo, sauti ikajibu.

"Mama, nimesikia! Yote nimesikia!"