Siku Nilipofupisha Maneno ya Mama Mkubwa

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na nimeona nikusimulie kabla hujapanda basi kwenda chuoni. Juzi ulipokuja kuniambia umepangiwa kusoma sosholojia, uliongea kama mtu anayeleta habari ya msiba. Ukasema wenzako wanakucheka, wao wamepata uhandisi na udaktari, wewe umepewa kusoma mambo ya watu ambayo kila mtu anayajua. Tangu hapo nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Nianzie Kabungu, kijiji cha Mpanda nilikozaliwa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri nafasi ya ualimu. Mpanda wakati huo ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Rukwa, na mgeni wa mbali alifika kwa treni ya kutoka Tabora, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Ndivyo walivyofika watafiti watano kutoka chuo kikuu, kila mmoja na fani yake. Kiongozi wao aliitwa Dokta Halima, msomi wa hiyohiyo sosholojia yako, mama mfupi aliyeongea taratibu. Walitaka kujua jinsi familia zinavyogawana ardhi. Wazee wetu waliongea Kibende, Kiswahili chao kilikuwa cha dukani na cha zahanati tu, kwa hiyo wakahitaji mkalimani. Mwenyekiti wa kijiji akanitaja mimi.

Nilijiona sana, nakiri. Nilitembea na Dokta nyumba kwa nyumba nimebeba redio yake ya kurekodia. Lakini moyoni nilimshangaa. Mtu amesoma mpaka mwisho, anapanda treni kuja kumuuliza bibi kizee nani anashika jembe na nani anauza mahindi? Niliona ni kazi ya watu walioshiba.

Siku ya nne tukafika kwa mama mkubwa Veneranda, mjane wa kaka yake baba yangu. Dokta aliuliza swali moja: baada ya mume kufariki, shamba lilikuwaje? Mama mkubwa alinyamaza kidogo, halafu akaongea mpaka upande mmoja wa kaseti ukaisha, tukaugeuza. Alieleza jinsi yeye na mumewe walivyofyeka shamba lile mwaka ambao serikali iliwahamishia watu vijijini. Alieleza watoto wawili aliowazika pembeni yake. Akaeleza jinsi shemeji yake alivyokuja kulipima kwa hatua za miguu, matanga ya marehemu yakiwa bado hayajaanuliwa, na msimu uliofuata akalilima lote. Shemeji huyo ni baba yangu, mwanangu. Mahindi ya shamba lile ndiyo yaliyonisomesha.

Dokta akanigeukia kusubiri tafsiri. Nikasema, "Anasema hakuna shida."

Akanitazama, akatazama kaseti, akaandika. Tukaaga.

Kesho yake asubuhi mama mkubwa aliagiza niende peke yangu. Nilimkuta anaanika mihogo. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Jana nilisema mpaka koo likakauka," akasema. "Wewe ukamwambia yule mama maneno matatu. Mengine umeyapeleka wapi?"

"Nilifupisha, mama mkubwa."

"Umefupisha." Akaendelea kupanga mihogo. "Maisha yangu mimi hayakuwa mafupi. Shamba alichukua baba yako, nikanyamaza, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Jana nimeulizwa kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Na hilo nalo umechukua wewe."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Afadhali angenipiga. Niliondoka pale, nikapitiliza nyumbani, nikaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya mwalimu walikofikia wale wageni. Nikamkuta Dokta nje, nikamwambia kila kitu, pamoja na jina la baba. Nilitegemea anifukuze.

Badala yake akasema, "Usingekuja, ningeandika kwamba wajane wa hapa hawana tatizo la ardhi. Mwingine angesoma akaamini, naye angeandika. Baada ya miaka kumi ingekuwa ndiyo ukweli." Akavuta kiti. "Kaseti ipo. Kaa, tuanze upya."

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo nilipofunguka macho.

Wale watafiti wote watano wakakaa kuzunguka ile redio, nami nikawa natafsiri sentensi kwa sentensi, bila kuacha kitu. Tulitumia siku mbili kwa kaseti moja. Yule wa historia alisimamisha kwenye mwaka wa kuhamia vijijini. Akaniomba niwaulize wazee nani alikaa wapi kabla ya hapo, na kumbe chini ya kijiji chetu kulikuwa na makazi mengine ambayo hata baba hakuwahi kunitajia. Wa lugha akasimamisha kwenye neno moja la Kibende ambalo sisi vijana tulikuwa tumeshaliacha. Mama mkubwa aliita shamba kwa neno hilo mume alipokuwa hai, na kwa neno lingine alipokufa. Kijana wa watu aliruka kwenye kiti kama ameokota almasi. Wa sheria akauliza mila inasemaje na sheria ya nchi inasemaje, akapiga mstari mahali ambapo viwili hivyo vinagongana, na mama mkubwa alikuwa amesimama hapohapo katikati. Wa uchumi alichora kwenye karatasi safari ya gunia la mahindi kutoka mkononi mwa aliyelima mpaka mkononi mwa aliyeuza. Nikaliona gunia hilo linafika kwenye sare zangu za shule.

Dokta Halima mwenyewe hakusimamisha kwenye maneno. Alirudisha kaseti mwanzo kabisa, pale mama mkubwa aliponyamaza kabla ya kujibu. Akatuchezea ule ukimya mara mbili. Akasema, "Na hapa anasema kitu."

Mwanangu, nilipata kama kizunguzungu. Yule bibi nilimwona kila siku akipita na ndoo yake. Nilidhani namjua. Na hapa watu watano wenye elimu zao wamemzunguka, kila mmoja ameingia kwa mlango wake, na hakuna aliyefika mwisho. Nilitoka nje nikatazama nyumba za jirani, moja baada ya nyingine, nikafikiri: na kila moja ina mtu wa namna hii ndani. Niliona dunia ni kubwa hadi nikaogopa.

Kiangazi kilichofuata walirudi kutusomea walichokipata, katika darasa la shule. Majina hayakutajwa, ndio utaratibu wao. Nami nilikuwa mkalimani tena, safari hii kutoka Kiswahili kwenda Kibende, na baba alikaa benchi la pili. Dokta akasoma kwamba wapo wajane walionyang'anywa mashamba waliyofyeka kwa mikono yao. Nikayasema yote, namtazama baba.

Mama mkubwa akasimama. "Mmoja ni mimi," akasema, akakaa.

Baba aliondoka kabla mkutano haujafungwa. Lakini kabla mvua hazijaanza alikwenda kwa mwenyekiti na mashahidi wawili, akamrudishia mama mkubwa upande wa bondeni. Sikudanganyi kwamba alirudisha lote. Mimi hakuniongelesha mpaka nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, na miaka ile iliniuma sana. Ila mama mkubwa alilima chake mpaka alipofariki, na hilo sijalijutia hata siku moja.

Kwa hiyo nenda kasome, mwanangu, na usione haya. Wanaokuambia mambo ya watu kila mtu anayajua, hawajawahi kukaa na mtu mmoja wakamsikiliza mpaka mwisho. Ukimuuliza mtu, jua umemgusa maisha yake, basi chukua anachokupa chote, hata kile kinachomuumiza mzazi wako au kukuumiza mwenyewe. Usimwekee maneno na usimpunguzie. Na ukutane na wa sheria, wa historia, wa uchumi, uwaulize wao wanaona nini, kwa sababu wewe peke yako utaona upande mmoja tu.

Mungu akupe masikio marefu na moyo usiochoka kushangaa. Utakakokwenda, watu wakufungulie milango yao bila hofu, na ukitoka kwao wabaki wameheshimika. Haya, mwanangu, nenda salama.