Daktari Alisema Damu Ina Nguvu, Wao Wakampunguza Damu Mwanangu

(Jina la mama huyu tunalo, na halitatoka hapa.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, Mhehe, nimeolewa hapa Ipogolo na muuza nguo ambaye wazee wake walitoka pwani. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe.

Binti yetu Zuhura ana miaka sita. Akicheza kidogo tu anahema, midomo inakuwa ya buluu. Tulimpeleka hospitali ya misheni. Daktari Mzungu, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, akatuambia, "Damu ya mapafu ina nguvu sana. Inachosha moyo." Akamlaza, akampa hewa ya mtungi na dawa ya matone, mtoto akapata nafuu. Akaturuhusu kwa sharti kwamba asikimbie na dawa asikose.

Nyumbani mama mkwe akauliza mtoto ana nini. Mume wangu akajibu, "Damu yake ina nguvu." Basi! Yeye akasikia damu imezidi. "Si aumikwe kwa pembe, itoke!"

Nikamwambia, "Mama, daktari amesema nguvu, hakusema wingi."

Akacheka. "Wewe mtu wa milimani utajua nini habari za damu? Mumeo nimemuumika tangu mdogo, humwoni alivyo?"

Wiki iliyopita narudi sokoni, nakuta mtoto kalazwa kifudifudi mkekani, pembe zimemganda mgongoni, damu inamchuruzika, na baba yake mwenyewe kamshika mikono! Nilizing'oa zile pembe nikazitupa uani. Zuhura alikuwa amezimia. Tangu siku hiyo hasimami bila kushikwa, na dawa wameificha, eti inaongeza damu. Jamani, mtoto mwenyewe hana hata damu ya kumgawia mbu!

Sasa mume wangu yuko Mbeya kufuata mali, atarudi mwisho wa mwezi. Ameacha neno kwamba akirudi Zuhura ataumikwa tena, na nikimpeleka hospitali bila ruhusa yake nijihesabu nimeachika, na mtoto atamchukua yeye.

Jana nilikuwa namwosha vidonda vya mgongoni, akaniuliza, "Mama, damu yangu bado ni nyingi?"

Niambieni nyinyi wenye watoto: nilinde ndoa, au nimbebe mwanangu nirudi kwa daktari? Nijibuni kabla baba yake hajarudi.