Blauzi ya Vifungo

Mama yangu alinipokonya mwanangu kabla kitovu hakijakauka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na aliyenipa mimba alishavuka mpaka kwenda Goma akajifanya hanijui. Mama akapanga mambo yake. Tukahama kijijini kwetu Busasamana, tukapanga nyumba mjini ambako hatukuwa na jirani wa zamani, na watu wakaambiwa mtoto ni wake, kitinda mimba. Mimi nikawa dada.

"We bado mutoto," akaniambia. "Ukimuzoea huyu, nani atakuoa?"

Akanifunga kifua kwa kitenge, akakaza mpaka pumzi ikawa ya taabu, eti maziwa yakauke upesi.

Hayakukauka. Mama alikuwa mchuuzi wa mpakani. Kila asubuhi alijitwisha beseni la karoti, akavuka Goma, akarudi alasiri. Akishapiga kona tu, mimi nafungua kitenge. Mwanangu ananyonya huku kanikazia macho, kakamata kidole changu, na mimi namsimulia kila kitu, hata yale ambayo mtoto hapaswi kuyasikia kuhusu bibi yake. Mama akirudi ananikuta nimejifunga vizuri, mpole kweli. Anampa uji wa sosoma, ule wa soya, mtama na mahindi, mtoto anageuza shingo.

"Huyu mutoto iko na ugonjwa gani?"

Mara mbili alipanga foleni kituo cha afya. Nilibaki jikoni nacheka peke yangu, na kicheko kile sikijutii. Baada ya miezi kadhaa akaamini maziwa yamekauka, akaacha kunikagua.

Lakini mtoto alilala kwake, alioga kwake. Alipoanza kusema, neno "mama" alilipeleka kwake, na mimi nikaitwa dada kama ilivyopangwa. Liliniuma, nisifiche. Nikaapa nitamkomesha yule mama, na nimkomeshe mbele za watu.

Nafasi ikaja mtoto alipokaribia miaka miwili. Mama yangu mkubwa wa Goma alikuwa anamwoza binti yake. Siku hiyo tangu asubuhi sikumnyonyesha mtoto. Nikavaa blauzi yenye vifungo mbele. Tukaketi mkekani na wanawake wa ukoo, ambao nao walikuwa wamelishwa uongo uleule. Mama kampakata mtoto, anapokea sifa.

"Bon, umezaa na uzee huo!" mmoja akamtania.

Mama akacheka, akasema Mungu ni mkubwa.

Mtoto akashuka mapajani mwake, akapita katikati ya sahani za pilau, akaja kwangu, akashika kifungo cha kwanza. Ningeweza kumzuia. Nilimsaidia kukifungua. Akanyonya kwa sauti, maziwa yakamchuruzika kidevuni, na mkeka mzima ukatugeukia. Nilimtazama mama yangu usoni bila kupepesa macho. Roho yangu ikaburudika.

Tulipofika nyumbani akatoa nguo zote za mtoto chumbani kwake, akazimwaga kitandani kwangu.

"Mutoto wako huyo. Usimulete tena kwangu."

Nikazikunja nguo zile moja moja, naimba.

Kesho yake alasiri mama akarudi na beseni lake. Mtoto akamkimbilia, mikono juu. Mama akampita kama anavyopita kiti, akaingia chumbani, akafunga mlango. Siku ya pili vilevile. Wiki nzima. Kumbe kisasi nimekirithi kwake, na yeye ndiye fundi. Mpaka leo sijamsamehe, wala sina mpango huo.

Siku ya saba mtoto hakukimbia. Alisubiri mpaka mlango ukafungwa, kisha akasimama pale, anaugonga kwa kiganja, analia, "Mama, mama." Nikapiga magoti nyuma yake, nikafungua blauzi.

"Mama ni mimi," nikamwambia. "Mama yako niko hapa."

Akageuka, akaniangalia vizuri, kamasi zinamtoka.

"We dada," akasema, akaendelea kugonga.