Mashine ya Jumamosi

Harufu ya vumbi linalopata moto ndani ya plastiki si harufu nzuri, nakubali. Lakini wiki iliyopita, nilipoichomeka ile mashine yetu ya zamani ya gemu na feni yake ikaanza kunguruma, nilivuta pumzi ndefu kama mtu aliyenusa pilau la jirani. Nilikuwa nimeikuta kabatini kwa Mama, imeviringishwa kwenye kanga ya kijani iliyofifia, nyaya zake nyekundu, nyeupe na njano zimefungwa kwa utepe. Nilikwenda kumsaidia kupunguza vitu. Badala ya kupunguza nikakaa sakafuni na kuwasha gemu, mtu mzima mimi, na kazi zikanisubiri.

Mnisamehe. Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Nilipokuwa mdogo Mama alikuwa akisema nimemwagiwa upupu, na kwa kweli katika ile nyumba yetu ya ghorofani Rexdale, huku ughaibuni, sikuwa na pa kuumalizia upupu wangu. Baba alikuwa kazini kwenye bohari la karibu na uwanja wa ndege hata Jumamosi. Mama alipanga mikate kiwandani siku za kazi. Mimi nilikuwa binti wa pekee, na wiki nzima nilizunguka kati ya kochi na dirisha nikiuliza Jumamosi itafika lini.

Jumamosi alikuja Salim, mtoto wa Mama Mdogo. Waliishi Brampton, mji wa jirani, kwenye mitaa mipya ambayo nyumba zote zinafanana, na Mama Mdogo alikuwa nesi mwenye gari. Mashine yetu ilikuwa kuukuu hata kwa wakati ule, tuliachiwa na mpangaji aliyehama. Ilikuwa na pedi mbili za kuchezea mkononi, moja ikiwa na kitufe kinachogoma, na anayefungwa ndiye aliyepewa hiyo. Kioo cha televisheni kiligawanyika katikati, Salim juu, mimi chini, na tulisukumana kwa viwiko mpaka mto wa kochi ukaanguka. Sisi tuliona hiyo ndiyo Jumamosi yenyewe, wala hatukujua kama kuna nyingine ilikuwa inaendelea jikoni.

Niwaambieni kuhusu jikoni. Mama na mdogo wake walikuwa hawaelewani. Bibi alipofariki Tanga, simu ilipigwa Brampton kwanza. Mama alikuwa kiwandani. Mama Mdogo akafanya vile wanavyofanya watu wetu: humwambii mtu msiba akiwa kazini, peke yake kati ya mashine, bila hata wa kumshika mkono. Unangoja arudi, ale, akae, ndipo uende na watu wawili watatu, umwambie taratibu. Alingoja. Na kule Tanga hawakungoja, maiti haikawizwi. Mama alipoambiwa, Bibi alikuwa ameshazikwa tangu saa nyingi.

"Mama yangu anafukiwa, mimi napanga mikate," alisema siku ile, na nadhani hakuna alichokisema tena juu ya jambo hilo. Mama Mdogo naye aliona ametenda wema na kulipwa uso wa chuki. Hawakutukanana. Waliacha tu kupigiana simu.

Lakini mtoto lazima aletwe. Kila Jumamosi Mama Mdogo alisimama mlangoni na koti lake mwilini akisema, "Nimemleta mtoto tu." Na Mama, akiwa ametazama pembeni, alisema, "Chai ipo," kwa kuwa mgeni haachwi mlangoni hata kama umemkasirikia. Kikombe cha kwanza kilinywewa koti likiwa mwilini. Cha pili koti likavuliwa. Walianza na bei ya vitunguu, wakaja kwa mabosi wao, na mara moja moja nilisikia mmoja akicheka kisha akajikatiza, kana kwamba amekumbuka kwamba hapaswi kucheka. Wakizidisha sauti, niliongeza ya televisheni.

Halafu ikaja habari kwamba mashine mpya zinatoka. Nadhani ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tatu. Shuleni hatukuzungumza kingine. Salim alitaka picha kali mpaka jasho la wachezaji lionekane. Watoto wengine walitaka diski zao za zamani zikubaliwe na mashine mpya. Mvulana mmoja wa ghorofa yetu aliogopa kwamba mashine itadai intaneti kila saa, na kwao ilikuwa inakatika mara kwa mara. Kila mmoja aliapa kwamba kampuni zingemsikiliza yeye tu, mashine ingekuwa kamili.

Mimi nilitaka kitu kimoja. Nilitaka kucheza na Salim siku yoyote, yeye kwao, mimi kwetu. Nilichoka kusubiri. Nilichoka Mama Mdogo kuwa na zamu, nilichoka theluji, nilichoka barabara kuu kufungwa kwa ajali na Jumamosi nzima kupotea. Nilitembea na hamu hiyo kama mtu mwenye jiwe kiatuni. Niliitia chakulani, nikaitia kwenye sala. Baba alipolegea na kuahidi, nilianza kumsumbua Mama naye.

"Hiyo mpya wanacheza watu wangapi?" aliniuliza, akigeuza maandazi.

"Dunia nzima, Mama!"

"Nauliza hapa. Kwenye kochi."

Ikabidi nifikirie. Gemu tuliyoitaka mimi na Salim haikugawa tena kioo. "Mmoja," nikasema, "lakini Mama, si—"

"Mmoja," alirudia, akatoa andazi ambalo halijaiva.

Nilimwona mshamba. Nilifikiri hajui dunia imefika wapi.

Salim aliipata kwanza, mimi nikafuata. Ee jamani, raha niliyoipata! Hedifoni kichwani, kipaza sauti mdomoni, Salim akinisemesha sikioni kutoka Brampton kana kwamba amekaa begani kwangu. Jumatatu, Jumanne, siku yoyote. Jumamosi ikafika na hakuna aliyekumbuka kumleta mtu. Ya nini, wakati yupo?

Mama alikumbuka. Jumamosi alikanda unga wa maandazi uleule, kiasi kilekile, hiliki ikajaa nyumba. Kisha akasimama dirishani akitazama maegesho ya magari kule chini. Akaenda kufuta meza. Akarudi dirishani. Mimi nilipenda kujiona ndiye mtu asiyetulia nyumbani kwetu, na majuma yale nilikuwa nimetulia tuli kwenye kochi, nimeshiba, na yeye ndiye aliyekuwa akizunguka.

Jumamosi moja akaja kusimama nyuma yangu.

"Yupo humo? Salim?"

"Yupo, Mama, subiri kidogo."

"Muulize mama yake yuko wapi."

Nikauliza. Salim, aliyeelewa Kiswahili chote lakini akajibu kwa Kiingereza kila siku, akasema mama yake yuko jikoni.

"Anapika nini?"

"Mama, nitauawa hapa!"

"Muulize."

Nikauliza, nikauawa. "Pilau," nikasema kwa hasira. Mama akaniambia nimuulize Salim, eti mama yake bado anaumwa mgongo? Nikavua hedifoni, nikamwekea yeye kichwani, nikamwambia aulize mwenyewe. Aliivaa juu ya mtandio, akainama mbele ya televisheni kama mtu anayechungulia kisima, akasema kwa sauti kubwa mno, "Salim, mwanangu? Mimi Mama Mkubwa. Mama hajambo?" Akasubiri. Nikaona midomo yake ikitaka kuongeza neno na kulirudisha. Akanivalisha hedifoni yangu, akaenda chumbani.

Alirudi amevaa koti. Mkononi alikuwa na ile mashine ya zamani, ameiviringisha kanga ya kijani, na mfuko wa maandazi.

"Vaa viatu. Twende Brampton."

Mama hakuendesha gari. Tulipanda basi, tukabadilisha, tukabadilisha tena, mashine ikiwa mapajani mwake muda wote, na alikataa kabisa nimsaidie. Miguu yake haikutulia. Nilikuwa nimenuna. Nilidhani anakwenda kuigawa, au mbaya zaidi, kuwaonyesha watu kwamba sisi bado tuna takataka ile.

Mama Mdogo alifungua mlango, mwiko mkononi, Salim nyuma yake. Hawakuwa wameonana tangu mashine mpya zije.

"Nimeileta mashine ya watoto," Mama alisema. "Inapiga kelele. Labda Salim aitazame."

"Mama, haijaharib—"

Alinibana mkono mpaka nikanyamaza. Mama Mdogo aliitazama ile kanga muda mrefu. Ilikuwa ya Bibi, hilo nililijua baadaye, Mama Mdogo mwenyewe ndiye aliyemletea Mama baada ya msiba na Mama hakuwahi kuivaa. Akaipokea mashine kwa mikono yote miwili.

"Kelele za namna gani, dada?" aliuliza.

"Kubwa tu."

"Ingia. Vua koti."

Mimi na Salim tulihangaika na zile nyaya mpaka tukapata matundu yake nyuma ya televisheni, na mashine ikawaka bila kasoro. Tulicheza, viwiko kwa viwiko. Jikoni wanawake wawili walikuwa wanalia, na kwa mara ya kwanza sikuongeza sauti.

Hatukurudi nayo. Mama Mdogo alisema Salim bado anaitazama. Juma lililofuata akaileta mwenyewe, na pilau limesheheni kwenye mfuko wa pili, akasema imepona. Baada ya siku chache Mama akagundua imeharibika tena. Iliharibika miaka mingi mashine ile, huku na huko kati ya Rexdale na Brampton, na haijawahi kuwa na ubovu wowote.

Mimi nilitaka mashine itakayoniondolea safari. Nikaipata, na nitakuwa mwongo nikisema sikuifurahia. Mama alihitaji kitu ambacho lazima mtu akibebe mpaka mlangoni pa mwenzake, maana neno lenyewe, "nisamehe," lilikuwa zito kuliko mashine. Sikulielewa hilo nikiwa mtoto. Nililielewa wiki iliyopita, sakafuni, nikiwa na pedi yenye kitufe kinachogoma na kochi tupu nyuma yangu.

Mimi na Salim bado tunacheza kila juma kwa intaneti. Sijaiona sura yake tangu mwaka juzi. Nikampigia simu.

"Ile mashine ya zamani," nikamwambia, "inapiga kelele."

Kwa Kiswahili ambacho sijui alikificha wapi miaka yote, akauliza, "Kelele za namna gani, dada?"

"Kubwa tu," nikasema. "Njoo Jumamosi."